Shati la Kaki Mjini Mogadishu

Mwanangu, umeniambia waenda kwenye mji ambao vita havijapoa. Sikukatazi. Kaa kwanza nikwambie, maana iko siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vya Wazungu vimekwisha juzijuzi. Nilikuwa kibarua Changamwe. Kaka yangu Kazungu, fundi seremala, alikuwa akifanya kazi Mogadishu. Mama yetu alikuwa mgonjwa kule Mtopanga, akanituma nikamlete amwone. Nikapanda meli nimevaa shati la kaki alilonipa askari aliyerudi vitani. Nilijiona mwanamume kweli.

Kazungu alipanga kwa Bibi Halima, mzee wa Barawa aliyejua Kiswahili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanitazama kifuani.

"Vua shati hilo, mwanangu. Watu wa hapa wamechoshwa na askari wa Wazungu. Na usitoke kabla hujaniuliza mji umeamkaje."

"Mimi si askari, bibi," nikacheka.

"Wewe wajijua. Wao watajulia wapi?"

Kulipokucha nikatoka kimya, na kaki yangu mwilini, nikatazame soko. Nikakuta wenye maduka wanafunga milango, na jua ndiyo kwanza lapanda. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha. Sikurudi. Mara vijana wakanizunguka, mmoja akanikamata shati, wakanipigia kelele kwa lugha nisiyoijua. Jiwe la kwanza likanipata begani.

"Charo! Lala chini!"

Alikuwa Kazungu akiniita jina, amenifuata mbio. Akanikumbatia kunikinga, na jiwe lililokuja kwangu likampata yeye jichoni.

Bibi Halima alifika akawasihi wale vijana kwa lugha yao, wakatuachia. Jicho halikupona. Tuliporudi nyumbani, mama alimshika uso kwa mikono miwili.

"Ni nani amekufanya hivi, Kazungu?"

"Kazi tu, mama. Kipande cha mbao kiliruka."

Nami nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza. Mama alikufa bila kujua. Kaka hakunilaumu hata siku moja, na mpaka leo natamani angenilaumu.

Basi, mwanangu, ukifika huko mtafute mwenyeji unayemwamini, na kila asubuhi umuulize kabla ya kuvuka mlango. Akisema leo hapana, kaa ndani, hata kama jana ulitembea salama. Vaa nguo isiyokutambulisha na upande wowote. Karatasi zako ziwe mwilini, si kwenye sanduku. Ukiona maduka yanafungwa mchana, geuka papo hapo, usingoje kujua sababu. Na usiondoke bila kusema waenda wapi, maana akupendaye atatoka kukutafuta, na hatari uliyoifuata wewe itamkuta yeye.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe mwenyeji mwema na sikio la kumsikiliza. Akurudishe mzima, wewe na kila atakayekuwa nawe.