Juzuu ya Kumi na Saba

Duka lile la vitabu vilivyokwisha kusomwa lilikuwa kwenye kichochoro kitokacho Ndia Kuu, baina ya fundi viatu na muuza kahawa. Mwenyewe alikuwa Muhindi Muislamu, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, na Kimvita chake kilikuwa safi kuliko changu. Vitabu alivipanga ndani ya masanduku ya chai yaliyolazwa ubavu, na katika kila sanduku alitia karafuu chache kuzuia wadudu. Makarani wa reli walimuuzia vitabu vyao vya Kiingereza walipohamishwa bara. Walimu wa vyuo vya Kurani walimletea vya Kiarabu vilivyopigwa chapa Misri na Bombay. Mimi nilikuwa karani forodhani, na kila alasiri nikitoka kazini nilipitia pale.

Tulimtilia shaka kwa jambo moja. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kitabu aliandika, kwa kalamu ya risasi, mistari miwili mitatu ya Kigujarati ambayo hatukuweza kuisoma. Wanunuzi tuliamini kuwa ni bei: moja ya mwenye kanzu safi, nyingine ya mwenye kanzu iliyochakaa. Mwalimu mmoja mzee, ambaye kila siku alisoma kurasa mbili za kitabu kile kile kisha akakirudisha, ndiye pekee aliyethubutu kumuuliza ameandika nini.

"Nimeandika kuwa mwalimu atakimaliza mwezi ujao bila kukinunua," alijibu yule bwana.

Watu wa baraza ya muuza kahawa walicheka, mwalimu naye akaendelea kusoma. Mimi sikucheka sana. Niliona kwamba swali halikujibiwa.

Mwezi wa Rajabu, majuma machache baada ya kufiwa na baba yangu, nilimuuzia sanduku zima la vitabu vya marehemu. Nyumba yetu ilikuwa ikivuja na sikutaka vioze. Sikuvipitia kimoja kimoja. Mikono ilikuwa mizito. Tangu siku ile yule bwana alibadilika. Nikiingia, aliacha shughuli yake akasimama karibu nami. Nikishika kitabu, macho yake yalikuwa mikononi mwangu. Nikajiambia kuwa amenipunja, na sasa roho yamsuta.

Hayo yalipokuwa yakiendelea ndipo msikitini kwetu kukazuka maneno. Tulikuwa na kasha la juzuu thelathini, wakfu wa msikiti, ambazo watu hugawana kwenye hitima kila mmoja akasoma yake, hata Kurani nzima ikakamilika kwa kikao kimoja. Kasha lile liliazimwa nyumba za wafiwa, na ufunguo wake ulikaa kwa mtunza msikiti, mzee aliyeishi peke yake katika chumba kidogo cha uani. Mwezi wa Shaabani alishikwa na homa, mtu mwengine akagawa juzuu badala yake, ikaonekana ya kumi na saba haipo. Kitu cha wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Wazee walimpa hadi Ijumaa. Isipopatikana atoe ufunguo, na chumba pia, maana chumba kilikwenda na kazi. Hakuwa na ndugu wala kwengine kwa kwenda.

Barazani kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ameiuza apate dawa. Nami niliongeza langu, nikasema tena kwa sauti, kwamba ikiwa imeuzwa basi itafutwe kwa yule Muhindi mwenye maandishi yasiyosomeka.

Jumatano nilikwenda mwenyewe. Nilizunguka masanduku taratibu, yeye nyuma yangu. Juu ya rafu ya mwisho niliona kitu chembamba kimefungwa kitambaa cheupe. Nikauliza ni nini.

"Hichi hakiuzwi," akasema.

Nikamwomba nikione tu. Alinitazama, akaenda kutia udhu, akarudi akakifungua. Ilikuwa juzuu ya kumi na saba, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na mwandiko mweusi wa zamani: wakfu wa msikiti wetu. Nilihisi furaha mbaya, ile ya mtu aliyeshuku akapata. Nikamuuliza ni nani aliyemletea, na jina la mtunza msikiti lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Juzuu hakuiandika ndani kwa heshima yake. Alikuwa ametia kijikaratasi. Akanisomea maandishi yale ya Kigujarati kwa Kiswahili, neno kwa neno:

"Imeletwa na karani wa forodhani, mwezi wa Rajabu, ndani ya sanduku la marehemu babake."

Akanieleza kwamba hivyo ndivyo aandikavyo kwenye kila kitabu: nani amekileta na lini, ili mali ya mtu ikipotea ijulikane ilikopita. Juzuu ile aliiona nilipokwisha kuondoka. Msikitini kwetu hakuipeleka, kwani si msikiti wake, na nani angemwamini?

"Nikawa nakuangalia," akasema. "Nijue ni mwizi au ni mjinga."

Hapo nikakumbuka hitima ya baba. Niliyosoma mimi ilikuwa ya kumi na saba. Niliitwa mlangoni kupokea wageni, nikaiweka juu ya vitabu vyake, ndani ya sanduku lililokuwa wazi. Kasha nililirudisha mwenyewe. Mtunza msikiti aliweka kiganja juu ya kifuniko, akanipa pole, akalifunga kwa ufunguo bila kutazama ndani.

Yule bwana alinipa juzuu lakini kijikaratasi alibaki nacho. Alisema atakichana akisikia nimeisema kweli mbele za watu.

Nilikwenda moja kwa moja hadi chumba cha uani. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka, homa haijamwisha. Nilimuuliza, "Ami, ulijua iko kwetu?"

"Nilijua. Ulipokwisha kuondoka nilizihesabu."

"Mbona hukusema?"

"Nikuhesabie juzuu na babako hajatimiza siku tatu? Mfiwa hahesabiwi, mwanangu. Halafu siku zikapita, nikaona haya kuuliza."

Kila hitima iliyofuata, akanambia, fungu la kumi na saba alilichukua yeye na kulisoma kwa moyo, ili mtu asitambue pengo. Homa ndiyo iliyomfichua.

Ijumaa baada ya sala nilisimama mbele ya wazee nikaeleza yote, na maneno yangu ya barazani pia. Hakuna aliyenikaripia, na hilo lilikuwa zito zaidi. Mtunza msikiti alifungua kasha, akaanza kuhesabu kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Alipofika kumi na sita akaninyoshea mkono. Nikampa. Alihesabu hadi thelathini, akafunga, na ufunguo akaurudisha kiunoni mwake.

Jumamosi nilipita dukani. Kijikaratasi kilikuwa kimekwisha kuchanwa. Nikashika kitabu, naye akaja kusimama karibu nami, macho yake sasa kitabuni, si mikononi mwangu.