Kesho ya Karani wa Mpunga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mkono wangu hupanda wenyewe ukanifunika mdomo. Keti hapa. Wewe ni mjukuu wangu, lakini leo nakuita mwanangu, maana nitakayoyasema nilipaswa kumwambia mama yako na nikachelewa. Ni habari ya neno moja dogo lililomtia babu yako Abedi kamba mikononi, mimi nikiwa na mimba ya huyo mama yako.

Tulikaa ng'ambo ya mto Tshopo, kwenye barabara iendayo Banalia, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wamekaa hapa kama watu waliojenga mto. Ukoo wetu ni wa Waislamu wa zamani wa Kisangani, na mpunga tumeujua tangu mababu. Lakini miaka ile mpunga haukuwa tena chakula chetu tu, ulikuwa amri ya Leta. Ndivyo tulivyoiita serikali, Leta. Kila mwanaume alipimiwa shamba msituni, na asiyelilima alifungwa. Wanaume waliangusha miti na kuichoma, tukapanda kati ya visiki. Sisi wanawake tulivuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke, mgongo ukituwaka. Wewe unayekula wali kwa kijiko huujui mgongo huo, na sikulaumu, hukuwepo.

Mwaka ule Leta ilitangaza jambo jipya. Atakayepanda mbegu iliyotoka Yangambi, kwenye mashamba yao ya majaribio, atalipwa bei ya kawaida, na juu ya bei atapewa nyongeza. Watu walifurahi sana. Tukapanda mbegu ile, ikatoka vizuri, tukaipeleka mpaka kwenye ghala la kununulia. Karani akapima gunia baada ya gunia, akapokea kila kitu, kisha akatuambia franga zitakuja kutoka mjini. Lini? Karani yule alikuwa mtu wa kutoka chini ya mto, upande maji yanakoteremkia, alisema Kilingala, na jibu lake lilikuwa neno moja: "Lobi."

Hapo ndipo pa kusikiliza. Kwa Kiswahili chetu tuna jana na tuna kesho, kila moja na nyumba yake. Kilingala huzilaza zote mbili kitanda kimoja. Lobi ni jana, lobi ni kesho, na msikilizaji hutambua kwa maneno yanayofuata. Silaumu Kilingala, mwanangu. Ndicho nilichochezea dansi ujanani, na ndicho unachobembelezea wasichana wewe, nimekusikia.

Basi tulikwenda ghalani siku ya soko, karani akasema lobi. Tukarudi soko lililofuata, lobi. Mvua zikaanza, lobi. Watu wetu hawajui kulia bila kucheka kidogo, wakalifanya neno lile mzaha wa kijiji kizima. Karani tukamwita Karani Lobi. Mtoto akiomba samaki, mama yake anamjibu "Lobi!" na wote wanacheka. Nilimwuliza Abedi lini ataziba paa linalovuja juu ya kitanda chetu, akanijibu "Lobi!" akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka, ijapokuwa maji yalinidondokea. Lakini wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ulikuwa unajaa.

Maana msimu wa kodi ulikuwa umefika. Kodi ililipwa kwa franga za mpunga, hatukuwa na nyingine. Mwanaume asiyekuwa nazo alipelekwa buloko, gerezani mjini, akavunje mawe ya barabara na kulala juu ya saruji. Wengine walirudi wakitema damu. Na mume akiwa buloko, nani ataangusha miti ya shamba la mwaka unaofuata? Shamba lisipolimwa, anafungwa tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo langu lilikuwa na mtu ndani. Niliogopa, mwanangu. Nilipiga magoti kila alfajiri nikiomba franga zile zifike kabla ya kamba.

Kamba ndiyo iliyotangulia. Alikuja Bwana Mkubwa wa wilaya na askari wenye bunduki, akaketi mbele ya ghala, karani kulia kwake na mkalimani kushoto. Mkalimani alikuwa kijana mgeni, naye wa chini ya mto, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Wanaume wetu waliitwa kutoka mashambani wakaja na mapanga yao, sisi wanawake tukasimama nyuma. Niseme ukweli, Bwana yule hakuanza vibaya. Kabla ya kudai kodi aliuliza kwanza kama watu wameshalipwa mpunga wao. Mkalimani akaligeuza swali kwa Kilingala: "Mbongo ya loso, bozwi yango?" Yaani, pesa za mpunga, mmezipata?

Na Abedi wangu, aliyependa kuwachekesha watu kuliko kula, akapaza sauti: "Lobi!"

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Wengine wakaitikia, "Lobi! Lobi!" Hata mimi nilicheka. Mkalimani, ambaye hakuujua mzaha wetu, aliona watu wenye furaha, wameulizwa kama wamepata pesa na wanasema jana. Akampelekea Bwana kwa Kifaransa hivyo alivyosikia. Bwana akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akasema neno, na mkalimani akatugeukia naye akitabasamu.

"Bwana iko na furaha. Anasema kama franga mulipata jana, alors kodi mulipe leo. Sasa hivi. Asiyelipa, kamba ile pale."

Kicheko kilikatika. "Jana?" alisema Abedi. "Nani alipata jana?" Lakini askari alikuwa ameshamshika mkono, kwa kuwa yeye ndiye aliyejibu. Nikamtazama karani. Alijua. Alikijua Kilingala chake na aliujua mzaha wetu, maana ulikuwa juu ya jina lake. Angesema neno moja tu mambo yangeisha. Alitazama viatu vyake.

Vijana walisogea mbele na mapanga mikononi. Hawakuwa wameyainua, lakini hawakuwa wameyaweka chini pia. Askari wakashusha bunduki kutoka mabegani, nikasikia vyuma vikilia, kisha sikusikia kitu kingine isipokuwa damu yangu masikioni. Nilimwona mkalimani kuwa mwongo aliyenunuliwa na karani. Nikafungua kinywa nimwite hivyo mbele ya Bwana wake, na najua sasa kwamba neno lile lingetoka, wale vijana wangepiga hatua moja zaidi. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. "Muo..."

Mkono mkavu ulinifunika mdomo. Ulikuwa wa mama mkwe wangu, Mama Mwamini, mama yake Abedi. Mwanawe alikuwa anafungwa mbele ya macho yake, na yeye alikuwa amesimama kuniziba mimi. Aliponiachia alipita katikati ya wale vijana, akiwashika mabega mmoja mmoja kama anayepita sokoni, mpaka akasimama mbele ya mkalimani.

"Papa mukalimani," alisema. Alimwita papa, yaani baba, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. "Wewe ulisikia muzuri. Kosa iko kwetu. Sisi batu ya hapa hatujue kusema Kilingala muzuri. Ile lobi haiko jana. Iko kesho. Franga hatuyapata bado, tunaambiwa kesho, kesho, mpaka neno imekuwa ya kucheka."

Mkalimani alimwangalia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Ukimwangalia vizuri uliona ni kijana mwenye hofu, kwa sababu mkalimani anayekosea mbele ya Bwana hupoteza kazi, na pengine na ngozi ya mgongo. Mama Mwamini akaongeza polepole, "Ambia Bwana hivyo, papa. Kosa ya kusema, haiko kosa ya kusikia."

Akaelewa. Akageuka, akamweleza Bwana kwa Kifaransa, mkono ukituonyesha sisi, washamba tusiojua lugha. Mtu mwingine angeona ni matusi. Bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha, badala ya kutugeukia sisi, alimgeukia karani. Maneno yake sikuyajua, lakini uso ulitosha, na mkalimani, ambaye sasa alikuwa amepata pumzi, alituletea kwa sauti kubwa ili wote tusikie.

"Bwana anauliza: kesho gani?"

"Bon," alisema karani, "franga iko njiani, Bwana, haiko mbali, donc ni kesho tu..."

"Jina, papa," alisema Mama Mwamini, bado kwa upole ule ule. "Siku iko na jina yake."

Karani aliangalia huku na huku. Bunduki zilikuwepo, mapanga yalikuwepo, Bwana alikuwepo, na safari hii neno lobi halikuwa na mahali pa kujificha. "Jumamosi," alisema.

Ningependa kukuambia kwamba tulirudi nyumbani tukicheka. Hapana. Bwana aliahirisha kodi mpaka Jumamosi, vijana wakaweka mapanga chini, na hakuna mtu aliyekufa siku ile, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini mtu mmoja aliifanya Leta ichekwe mbele ya watu, na Leta haipendi kuchekwa. Walimpandisha Abedi kwenye lori akiwa amefungwa. Nilikimbia nyuma ya lori lile na tumbo langu mpaka pumzi ikaniisha, nikakaa barabarani kwenye matope. Jumamosi franga za mpunga zilikuja kweli, kodi ikalipwa, nasi tukaenda kumchukua buloko. Alitoka na vidonda vya kamba kwenye vifundo vya mikono na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Ama ile nyongeza ya mbegu, hatukuiona. Wabelgiji walikwenda kwao nayo, sijui walipikia nini.

Jioni ile Abedi alipochukuliwa, mimi nilikuwa nalia na kumlaani mkalimani kwa kila jina nililolijua. Mama Mwamini alikuwa anapepeta mchele, akaweka ungo chini. Hakuwahi kunikaripia tangu niolewe, na siku ile alinikaripia.

"Zaina, nyamaza. Ukiita mutu muongo mbele ya mukubwa wake, unamufungia mulango. Atarudi wapi? Itabidi abaki na ile uongo mpaka mwisho, hata kama ilikuwa makosa tu. Mimi nilimuachia mulango, akapita. Mutoto yangu alichekesha batu mahali pa kulia. Wewe ulitaka kuchoma nyumba juu ya panya. Sasa lia, lakini lia na akili."

Nililia na akili, mwanangu. Na babu yako, aliporudi, hakuacha mzaha wake, Mungu amrehemu, angeuacha angekufa mapema zaidi. Ila neno lile aliliacha kabisa. Nilipomwuliza tena habari ya paa, alinijibu, "Jumatano, mvua ikikatika." Jumatano mvua ilikatika, akapanda juu na kikohozi chake.

Basi nikupe nasaha yangu waziwazi, nisije nikafa nawe unatafuta maana. Mzaha wa nyumbani usiupeleke mbele ya mgeni mwenye kamba, atausikia kwa masikio yake na si kwa yako. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu akikosea mbele yako, msahihishe lakini mwachie mahali pa kutokea, utapata haki yako haraka kuliko kwa kumvua nguo. Ukiahidiwa, uliza siku, kuuliza si ujinga. Na ukiahidi wewe, taja siku. Wazee walisema ahadi ni deni. Mimi naongeza kwamba ahadi isiyo na siku ni wizi, hata kama mwizi anatabasamu na kukuita papa.

Sasa nitakuambia kwa nini nimekuita. Leo asubuhi nilikuwa nanawa uso nyuma ya nyumba, akaja mgeni mlangoni, yule mzee aliyepanda mashua kutoka Yangambi. Serikali yenu ilichukua mpunga wake na kumwahidi ruzuku, na wewe ndiye karani wa serikali hiyo. Nilimsikia akiuliza kwa heshima, na nilikusikia ukimjibu, "Lobi, papa." Akakushukuru! Akavaa kandambili zake akaondoka akikushukuru.

Najua pesa hazijafika Kisangani. Najua si wewe uliyezikalia. Hata yule karani wetu labda hakuzikalia, sikuwahi kujua. Lakini alijua ukweli akatazama viatu vyake, na mtu mmoja akafungwa. Kama unayo siku, nenda kamtajie siku. Kama huna, kamwambie huna, uso kwa uso, ili ajue kama auze mbuzi au aombe mkopo au arudi kwa mke wake na habari ya kweli. Atakasirika, ndiyo. Mwache akasirike, ni haki yake.

Mungu akupe ulimi usiomchosha mtu njiani. Akupe riziki isiyo na jasho la mwingine ndani yake, na watoto watakaokuamini ukisema Jumatano. Mimi mkono wangu uko juu ya kichwa chako. Amina. Inuka sasa, mashua ya Yangambi haijaondoka, na yule baba amekaa bandarini anahesabu kesho yako.