Gasketi ya Karatasi Ngumu

Fundi Kahonzi alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuona haya kulisema hilo. Chai yenye utando juu ilimchefua. Mtu anayetema mate huku akizungumza naye alimchefua. Lakini hapa duniani hakuna kilichomtibua nyongo kama gundi, ile nyekundu ya tyubu ambayo mafundi wa siku hizi huipaka kila mahali kama mtoto aliyeachiwa sufuria ya uji. Akifungua injini akaikuta imefurika ndani, alisonya kwa nguvu mpaka wauza nazi wa ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama.

"Gundi ni uongo," alikuwa akisema. "Mtu kashindwa kusafisha, kashindwa kupima, basi afunika! Ptuu!"

Pale Matsangoni walimzoea. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, meza ya mbao na spana alizorithi kwa mjomba wake aliyemfundisha kazi mjini Kilifi. Mume alikuwa naye zamani, akamwacha siku aliyogundua kwamba bwana yule ana nyumba nyingine Takaungu, na mke ndani yake, na watoto wanaokwenda shule. Tangu hapo Kahonzi alilala peke yake, akala peke yake, na akijikata kidole alijifunga mwenyewe kwa meno na mkono mmoja. Hakupenda watu wajue kwamba upweke ule ulikuwa umemchosha.

Ndipo akaja Jefwa. Jefwa alikuwa mjane wa makamo, mpole, mwenye kusambaza mikate vijijini kwa pikipiki kuukuu, yenye injini ya zamani ile ya kunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa samawati. Mkewe, Sidi, alikuwa akiuza mahamri papo hapo, kibanda cha pili kutoka kwa Kahonzi, mpaka alipougua na kufariki. Wengi walimpenda Sidi. Alikuwa na kicheko kikubwa na mtandio wa manjano ambao hakuuvua, na asubuhi hakumruhusu Kahonzi afungue kazi kabla hajala.

Mwaka ulipopita, Jefwa akaanza kupitapita kibandani. Leo mkate, kesho papai, kesho kutwa salamu tu. Hatimaye akasema alilotaka kusema, na Kahonzi, badala ya kumfukuza kama alivyozoea, akamwambia alete wazee wake Jumapili waje kumposa kwa shangazi yake huko Roka. Shangazi akafurahi hadi akatenga kuku. Kahonzi naye, usiniulize kwa nini, akanunua mapazia.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, Jefwa akaja akiisukuma pikipiki, jasho linamtiririka. Pistoni ilikuwa imekwama.

"Uliifungua?" Kahonzi akauliza.

"Mimi? Haki ya Mungu sijaigusa, bibie. Imezima tu njiani."

"Basi iache. Jioni utaipata."

Injini za aina hiyo hazisamehe ufa. Ile petroli na oili yake hupita kwanza tumboni mwa injini, ndipo ipande juu kuungua. Pakiwa na upenyo hata wa unywele, hewa huingia, injini huungua kavu, joto hupanda na pistoni hung'ang'ania ukuta. Kwa hiyo Kahonzi alijua atakuta gasketi mbovu, ile karatasi inayoziba kiungo cha chuma na chuma. Alifungua kichwa, akaigonga silinda polepole kwa nyundo ya mbao, akaivuta juu.

Haikutoka vizuri. Ilitoka na nyuzi. Nyuzi ndefu za kijivu zilivutika kati ya silinda na tumbo la injini, na harufu ikampanda puani: petroli, na chini yake utamu wa tunda lililooza. Alinusa mara ya pili asiamini.

"Ulimbo!" akapiga kelele. "Kabibi! Njoo uone balaa! Mtu kapaka ulimbo wa fenesi ndani ya injini!"

Kabibi, aliyerithi kibanda cha mahamri baada ya Sidi, akaja mikono ina unga. Alitazama, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Unacheka nini? Mtoto gani wa pwani hajui kwamba ulimbo ukikushika mkononi, dawa yake ni mafuta ya taa? Sasa mtu mzima, ana ndevu, anaupaka kwenye injini inayooga petroli mchana kutwa! Umeyeyuka wote! Tazama pistoni ilivyochubuka! Na kaapa hakuigusa!"

"Amekuonea haya," Kabibi akamtetea. "Hapigi, hanywi, halali nje. Kwa ulimbo tu uache bwana?"

Kahonzi akasonya, lakini moyoni alikubali. Upumbavu hufundishika. Uongo wa aibu nao, haya, mtu huweza kuukemea mara moja ukaisha. Alichukua kisu butu akaanza kukwangua, huku ulimbo unamnata kwenye kucha, anajiwazia jinsi atakavyomsuta Jefwa, na atakavyomsamehe.

Gasketi ya chini ya silinda aliibandua nzima. Ilikuwa imekatwa nyumbani, kwa karatasi ngumu. Hilo halikumshangaza, mafundi wote hukata hivyo, unaweka karatasi juu ya chuma na kugongagonga kingo kwa nyundo mpaka umbo litoke. Kalenda, boksi la viatu, bango la kampeni, chochote kigumu. Naye Kahonzi hakutupa gasketi kuukuu kamwe kabla ya kuiosha, kwa sababu huilaza juu ya karatasi mpya kama kigezo. Akaitia kwenye bakuli la petroli, akaisugua kwa brashi.

Weusi ukatoka. Manjano yakajitokeza.

Alidhani ni tangazo la sabuni. Akasugua tena. Upande wa juu kukatokea herufi: *AREHEMU SID*. Chini yake, kwenye ukingo wa shimo, kipande cha mtandio, na bega.

Ilikuwa ile karatasi ya ibada ya mazishi, ile waliyogawiwa wote kanisani, yenye picha ya Sidi katikati akicheka. Shimo la pistoni lilikuwa mahali uso ulipokuwa.

Kabibi hakucheka tena. Aliifuta mikono yake kwenye leso, akarudi kwenye mahamri yake.

Kahonzi alimaliza kazi. Sharti umalize kazi, hata ukitapika. Alisugua pistoni na ukuta wa silinda kwa msasa laini, akakata gasketi kwa karatasi halali ya gasketi, akakaza nati mbilimbili, hii na ile inayoikabili, kidogo kidogo, bila tone la gundi. Alipopiga teke, injini iliwaka, ikanguruma sawasawa.

Jioni Jefwa alifika amevaa shati lililopigwa pasi. "Fundi wangu!" akasema, akitabasamu. "Nilijua. Sasa ni Jumapili tu, bibie."

Kahonzi akaweka gasketi kuukuu juu ya kiti cha pikipiki. Jefwa akaitazama, na tabasamu likapungua kidogo, kama la mtu aliyekamatwa na kosa dogo.

"Ah. Kweli niliifungua. Nilitaka nisikusumbue."

"Karatasi hii, Jefwa."

"Ni karatasi nzuri ile. Ngumu, hailowi upesi. Zilibaki nyingi nyumbani, zinakaa bure tu."

Kahonzi alimtafuta machoni, akitaka aone japo haya. Hakuona kitu. Mtu alikuwa anamsifia karatasi.

"Na uso wake uliutupa wapi?"

Jefwa akafikiri, kwa moyo safi kabisa. "Sikumbuki," akasema. "Pengine nilifagia."

Kahonzi akaikunja gasketi ndani ya kitambaa safi, akaitia mfukoni mwake, akampa Jefwa ufunguo wake. Kisha akatoa simu kwa mikono ambayo ilikuwa bado inanata.

"Shangazi, shikamoo," akasema, Jefwa amesimama pale pale anasikia. "Yule kuku, usimchinje."