Dereva wa Watalii Asiyempita Marehemu

Saa moja asubuhi, na honi ya Verlyn Cadore haipumziki. Anampigia muuza mkate, anampigia mama anayeanika basbasi, ganda jekundu la kungumanga, uani, anampigia hata mbuzi aliyefungwa kando ya barabara, maana mwenye mbuzi yuko nyuma ya ua na atanuna asiposalimiwa.

"Kupita kimya ni tusi," anasema huku akikata kona ya Gouyave kuelekea bandari ya St. George's. "Kesho watasema Verly kapata gari, kaota mapembe."

Kazi yake ni kuzungusha wageni kisiwa cha Grenada kwa siku moja. Watu hukodi gari zima, wao peke yao, awapeleke kwenye maporomoko, kwenye mashamba ya kakao, kisha uani kwa mama yake wakale. Kwa safari moja hubaki na dola mia tatu hivi za huku, akishatoa petroli. Msimu wa vimbunga meli hazifiki, naye hurudi kulima viazi vikuu.

Hakuzaliwa na usukani mkononi. Miaka mingi alikaa kwenye kibao cha kiwanda cha kungumanga, akichambua mbegu nzima na mbovu, mpaka kimbunga kilipolaza miti chini.

"Mkungumanga ukiupanda leo, unakaa miaka saba ndiyo ukupe mbegu," anasema. "Sasa tumbo utaliambia nini miaka saba?"

Aliyemwokoa ni jirani yake, mzee Hesketh Lendore, dereva wa lori la ndizi. Alimpandisha kwenye lori lile bovu akamfundisha. Kila Verlyn alipozima injini katikati ya mlima na magari yakalia nyuma, mzee alimwambia, "Taratibu, binti. Barabara haiibwi."

Mwaka huohuo mumewe, seremala Clevon, akafariki. Walipokuwa wanatembea nyuma ya jeneza, gari moja la watalii lilipiga honi, likaupita msafara mzima likikimbilia melini. Waliokuwa ndani walipiga picha.

"Wageni sikuwalaumu, hawajui," anasema. "Yule dereva ni wa hapahapa. Alikuwa anajua. Nikaapa, nikishika gari, maiti simpiti hata nikifa njaa."

Kiapo ni rahisi siku ambayo huna abiria. Wiki iliyopita alikuwa nao wawili, Bwana Doug na mkewe Bi. Lorraine, kutoka Kanada. Siku ilikwenda vizuri. Uani kwa mama yake walikula shelisheli na nyama ya chumvi iliyokaukia kwenye tui la nazi, chakula kinachopangwa chunguni tabaka kwa tabaka. Bi. Lorraine alipochukua mwiko akitaka kukoroga, bibi kizee alimpiga kofi la mkononi. "Hiki hakikorogwi, mwanangu! Unataka tule uji?" Walicheka mpaka machozi.

Wakati wa kurudi bandarini, barabara nyembamba ya pwani ikaziba. Mbele kulikuwa na gari la maiti, na nyuma yake watu wamevaa nyeusi na zambarau, wakitembea na kuimba. Verlyn alijua ni nani. Alikuwa ameagana na wafiwa usiku uliotangulia, akiwaomba radhi kwamba safari ya wageni alishaiahidi. Ni mzee Hesketh.

Meli ilikuwa inaondoka saa kumi na moja. Na sheria ya bandarini anaijua kila dereva: ukiwakosesha wageni meli, kibali chako kimekwenda.

"Pita, kuna nafasi upande ule!" Bwana Doug alimwambia.

"Nafasi ipo, baba. Ruhusa ndiyo haipo."

Kester, mtoto wa marehemu, aliona namna mgeni anavyohangaika, akaja dirishani. "Tanti, shangazi yangu, wewe pita tu. Mzee mwenyewe leo hana haraka."

"Toka hapa! Nimpite Hesketh mimi? Kwa miguu gani, hii aliyoifundisha kukanyaga klachi?"

Kisha akawageukia wageni wake. "Shukeni. Huku maiti hafuatwi kwa kukaa."

Bi. Lorraine alivua kofia akashuka, akaungana na akina mama. Bwana Doug alishuka akinung'unika, uso umemwiva, akawa anatembea huku anatazama saa. Verlyn aliwafuata na gari kwa gia ya kwanza, honi kimya. Moyoni, anasema, alikuwa anakiona kibali chake kinachanwa.

Tegemeo lake lilikuwa moja. Huku kwetu gari la maiti husimama kidogo pale marehemu alipopenda kukaa. Akiwa amesimama pale hayuko safarini, yuko barazani kwake. Unayepita humpiti, unamuaga.

"Nilijua atasimama dukani kwa Ena, anakochezea dhumna," anasema. "Ila sikujua mpaka tufike kwa Ena kuna nyimbo ngapi."

Zilikuwa nyingi, lahaula! Hatimaye gari likasimama. Ena akatoka na chupa ya ramu, akamwaga kidogo chini. Wacheza dhumna wakagonga vipande mezani, na Kester akapunga mkono kwa nguvu. "Haya, Tanti, nenda! Mzee anakunywa!"

Wageni walirukia garini. Verlyn alipita polepole, kioo chini, analia waziwazi. "Taratibu, mzee," alimwambia. "Barabara haiibwi."

Walifika bandarini wakati mabaharia wameshashika kamba za ngazi, tayari kuivuta. Bwana Doug alikimbia, akasita, akarudi kumshika Verlyn mkono.

Sasa Verlyn anataka kuwafundisha udereva wasichana wawili wa mtaani, waje washike gari atakapochoka. Somo la kwanza, anasema, halitakuwa klachi.

Na kwa siku yake mwenyewe ameshaacha maagizo.

"Wanisimamishe pale kiwandani, kwenye kibao changu cha kungumanga," anasema akiwasha gari. "Wasiharakishe, ila wasikawie mno. Nyuma yangu kutakuwa na mtu ana meli ya kuwahi."