Usifagie, Mama Hajafika

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu nyumbani kwa Mukaka, kama tunavyowaita bibi zetu huku Bwera, ilikuwa kufagia kila asubuhi, sebule kwanza halafu uani. Sikuipenda hata kidogo. Lakini ngoja nikueleze nilivyoililia kazi hiyo mwaka ule Mama alipojiandaa kwenda Asia kufundisha Kiingereza.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kasese. Alipopata nafasi ya kufundisha watoto wadogo Vietnam, tukahamia kwa Mukaka, maana mimi ndiye niliyekuwa nibaki, na nyumba nzima ikaingia wazimu. Mama alinigeuza mwanafunzi wake. Ananishikia picha ya ndizi, mimi naitaja kwa Kiingereza, yeye anapiga makofi na kurukaruka.

"Mama, mimi niko darasa la tano," nilimwambia.

"Watoto wa kule wanapenda mwalimu mchangamfu. Tuanze upya."

Wakati wa kula alishika vijiti viwili vya matete akajifunza kuokota maharage, moja moja, mpaka chakula kikapoa. Mukaka alimtazama, akaguna.

"Kwani huko Uchina watu hawana mikono?"

"Si Uchina, Mama. Ni Vietnam."

"Basi. Ni ile ile."

Nilichoka, jamani! Kila mtu aliuliza habari za ndege na baridi na chakula, wala hakuna aliyeniuliza mimi kama nataka aende. Sikutaka.

Asubuhi ya kuondoka, gari la kumpeleka kwenye basi la Kampala lilipopinda kona tu, nilichukua ufagio kama kawaida yangu. Mukaka alinirukia akaninyang'anya.

"Wewe mutoto! Unataka safari ya mama yako irudi?"

Ndivyo alivyoamini: msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka afike aendako. Ukifagia unafuta nyayo zake, na safari inamrudisha mlangoni. Ushahidi alikuwa nao. Shemeji yake aliwahi kuondoka kwenda kutafuta kazi kwenye mgodi wa Kilembe, mke wake akafagia mapema, na jioni bwana huyo alikuwa jikoni anaomba chai.

"Si alikuwa mvivu tu, Mukaka?"

"Alikuwa muvivu, ndiyo. Lakini alirudi."

Kwa mtu anayekwenda Muhokya au Kitswamba, hapa karibu, sheria hiyo ni ya saa chache tu. Lakini Mama alikwama Kampala. Viza haikutoka. Kila jioni alipiga simu: ni kesho, ni wiki ijayo, labda mwisho wa mwezi. Nasi tukakaa kwenye uchafu. Maganda ya karanga yalijaa chini ya viti, kuku wakaingia na kutoka wapendavyo. Mukaka aliruhusu kuokota kwa mkono, maana kuokota, alisema, hapana kufagia. Basi nikawa naokota mavi ya kuku kwa jani la mgomba, na ufagio mzima kabisa umeegemea ukuta!

Siku moja jirani yetu Hajati, muuza vitenge, alisimama mlangoni akashika pua.

"Wallahi, mama, hii nyumba imekuwa ya kuku? Lete ufagio, mimi nitafagia."

"Gusa uone," Mukaka akamjibu, na Hajati akanywea chai yake uani.

Lakini mimi nilikuwa na shida nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nilijua kwamba ufagio ule ungeweza kumrudisha Mama. Nilisimama mbele yake kila asubuhi nikiutamani. Kisha namkumbuka Mama na vijiti vyake, alivyocheka harage la kwanza lilipofika mdomoni, nami nainama kuokota.

Hatimaye simu ikaja: viza imetoka, anaondoka kesho. Mukaka alimshukuru Mungu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Halafu akamuuliza Mama kwenye simu, polepole, "Ile ndege iko inaruka saa ngapi?"

"Alasiri, Mama."

Asubuhi niliamshwa na sauti ya ufagio. Mukaka alikuwa ameinama, anafagia kuanzia chumba alicholala Mama, anakuja sebuleni, vumbi limemjaa kwenye kilemba. Hasira zilinipanda.

"Mukaka! Siku zote hizi nimeokota mavi ya kuku!"

"Nyumba iko muchafu," alisema bila kusimama.

"Na Mama je?"

"Ndege haijaruka bado." Akafagia tena, kisha akasimama. "Masika, yeye ni mutoto yangu. Nilisema aende, aende. Siwezi."

Nilikwenda kuchukua kizoleo. Tukafagia sebule, tukafagia uani, tukafagia mpaka ukingo wa barabara. Kisha tukakaa mlangoni. Kila bodaboda iliyopunguza mwendo, sote wawili tulinyoosha shingo. Alasiri ikapita. Jioni simu haikulia; ndege ilikuwa imekwisha ruka, na Mukaka akautazama ufagio kwa chuki.

"Hii ufagio iko bure kabisa," alisema, akausukumia motoni.

Mama alifika salama, akafundisha hao watoto wake, akatupigia makofi yake kwenye simu. Watu huniuliza kama ninayaamini mambo hayo, na swali lenyewe linaniudhi. Najua tu kwamba Mukaka alitukalisha kwenye takataka kwa sababu hakutaka mkono wake ndio umzuie mwanawe, na siku ya mwisho mkono ukamshinda. Nilimpenda zaidi kwa hilo, ingawa mavi ya kuku sijamsamehe.

Mama alikuja likizo ya kwanza, akakaa, akaaga tena. Gari lake lilikuwa halijafika hata kwenye lami, mimi na Mukaka tayari tunagombania ufagio mpya, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kufagia.