Sahani Iliyoondolewa Mikononi mwa Silvana

Silvana, fundi cherehani wa mtaa wa Chanji, alikuwa na kisukari tangu mwanawe wa mwisho alipoanza shule. Kila asubuhi alijichoma sindano bila kumsumbua mtu. Kilichomchosha si sindano, ni watu. Akikonda, wanasema sukari imempanda. Akinenepa, wanasema hajitunzi.

Siku mtoto wa kaka yake Clemens alipopata komunio ya kwanza, ndugu walikusanyika nyumbani kwa Clemens, mtaa wa Malangali. Silvana alijipakulia kama alivyofundishwa kliniki: ugali wa ulezi kidogo, kipande cha samaki aina ya mgebuka, mboga nyingi. Kabla hajamega tonge la kwanza, Cornelia, mke wa Clemens, aliichukua ile sahani mikononi mwa Silvana, akampa bakuli la kabichi ya kuchemsha. Kisha akawageukia wageni, akawaambia kwamba bila yeye, Silvana wangekuwa wameshamzika.

Wageni wakacheka. Silvana akahisi masikio yanawaka moto.

"Wifi, nirudishie chakula changu," alisema taratibu. "Ugonjwa huu ninao nikishona, ninao nikisali, ninalala nao. Hujawahi kuniuliza kama naogopa. Unaniuliza nimekula nini tu."

Cornelia akajitetea kwamba alikuwa anamsaidia. Silvana akainuka, akaondoka kwa miguu bila kumuaga hata mtoto.

Nyumbani akajipima. Sukari ilikuwa juu, na hakuwa amekula kitu. Nesi alishamwambia kwamba hata hasira huipandisha. Kumbe hata kukasirika amekatazwa. Akakitupa kipimo kitandani, akalia kwa uchungu, kisha akakiokota kwa sababu hana kingine.

Jumapili iliyofuata Clemens alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mkewe. Silvana akamjibu kwamba radhi ya kutumwa haitaki, aliyemnyang'anya aje mwenyewe.

Cornelia alichelewa sana kuja. Alipokuja, alimkuta Silvana akishona, akakaa kwenye benchi la wateja, akababaika, mwishowe akauliza, "Wifi, unaogopa nini?"

Silvana alitamani kumfukuza. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likaisha. Ndipo akamweleza habari za macho yake, kwamba siku hizi kutunga uzi kunamshinda, na akipofuka hajui atakuwa nani. Alizungumza kwa ukali, kama anayegomba. Cornelia alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakumshauri kitu.