Siku Niliyougua Sukari kwa Kashata

Jamani, aibu hii nilitaka nizikwe nayo, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Mchafukoge unaijua, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Mimi nauza zipu na vifungo pale Kariakoo, na kipindi kile nilikuwa nachoka ovyo ovyo, na marehemu baba alikatwa mguu kwa kisukari, basi mke wangu Mwajuma akanikomalia nikapime damu. Nikaambiwa nije asubuhi, nisile chochote tangu usiku.

Nikatoka kuswali alfajiri, nikawakuta wenzangu kijiweni wanakunywa kahawa, nikajisemea kahawa chungu haina neno, nikakaa. Na kahawa bila kashata mnajua wenyewe haishuki (mkono ulikuwa unaenda wenyewe kwenye sinia, wallahi), nikang'ata moja, tukabishana mpira, nikang'ata nyingine, na nyingine, ndipo nikanyanyuka nikaenda kutolewa damu. Dada wa maabara akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu sijala, tena kwa maringo.

Majibu yakatoka, sukari iko juu. Akawa ananieleza sijui nirudi lini, sikusikia kitu, nilikuwa nauona mguu wa baba. Nikarudi nyumbani nalia njia nzima, watu wananipa pole wakidhani nimefiwa, na kufika adhuhuri sebule imejaa, shangazi kaja na juisi ya karela, lile tunda wanalosema linashusha sukari, chungu kama nini, nikainywa yote, halafu kwa akili zangu nikaanza kutoa usia mbele za watu, kwamba kanzu yangu ya Idi apewe rafiki yangu Shabani wa pale kijiweni. Shabani naye, bila haya, akaivaa palepale kuona kama inamkaa (mpaka leo sijarudishiwa).

 Asubuhi yake Mwajuma akanishika mkono, Shabani akatufuata, tukarudi maabara. Tangu ile karela sikuwa nimetia kitu mdomoni, kwa simanzi tu. Nikapimwa, sukari iko sawa kabisa. Yule dada akashangaa, akaniuliza mbele ya benchi zima la wagonjwa jana asubuhi nilikula nini.

"Sikula," nikasema. "Nilikunywa kahawa tu."

"Na kashata," akadakia Shabani. "Alimaliza sinia, sisi tunamwangalia."

Dada akatikisa kichwa. "Baba, kashata ni sukari tupu. Jana tulipima kashata, leo ndiyo tumekupima wewe."

Benchi zima likaangua kicheko, nikatamani ardhi inimeze, lakini moyoni nilikuwa mwepesi, alhamdulillahi, ningeweza kucheza ngoma. Mwajuma hakucheka. Tulipotoka nje alijifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti.

"Usiku kucha nilikuwa nawaza ngazi zetu," akaniambia. "Ghorofa ya tatu. Wakikukata mguu nitakupandishaje?"

 Tulirudi nyumbani nikazipanda zile ngazi taratibu, kwa miguu yangu yote miwili, naye nyuma yangu. Siku nikiambiwa tena nisile, hata mate nitameza kwa kuuliza.